Nondo wa Mnavu

2 Machi

Mvua imeanza leo, na mama mkwe amefika leo. Mke wangu ananiuliza mbona nimenyamaza. Nimemwambia nasikiliza mvua.

Mama ameondolewa mtoto wa jicho upande wa kulia. Jicho limepata maambukizi, limefunikwa kwa pamba na plasta mpaka lipone, na la kushoto nalo lina ukungu, linangoja zamu yake. Mke wangu ni muuguzi, akasema hawezi kumwacha mama yake peke yake akijidondoshea dawa shavuni badala ya jichoni. Nikasema ni sawa kabisa. Ningesema nini? Tangu nimuoe binti yake, mazungumzo yetu yamekuwa ya salamu, na hata hizo natoa nikiwa nimesimama.

Maisha yake yote alifanya kazi katika stoo ya wadudu ya jumba la makumbusho. Siku za uchumba nilidhani ni stoo iliyoingiliwa na wadudu, nikampa pole, kumbe ni wadudu waliokaushwa kwa utafiti.

5 Machi

Mvua. Miche ya nyanya kwenye kitalu changu inapendeza. Mama anakaa barazani anasikiliza vyura. Mimi nazunguka nyuma ya nyumba ili nisimpite mbele kila saa.

9 Machi

Nimeona kitu ambacho sikukipenda. Kwenye majani kadhaa ya nyanya kuna mistari myeupe, myembamba, imejipindapinda kama imechorwa na mtoto aliyepewa chaki. Halafu kwenye mnavu ulioota wenyewe kando ya uzio kuna mabaka mapana, yamekauka mpaka mwanga unapenya. Nilichana baka moja. Ndani yake, katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini ya jani, alikuwamo kiwavi mdogo wa kijani, kichwa cheusi. Anaishi ndani ya jani kama mtu aliyehamia kwenye godoro.

Sijamwambia mtu.

11 Machi

Bwana mkaguzi wa mimea amekuja na pikipiki yake, buti za mpira hadi magotini. Kijana, hacheki. Alipita kwenye vitalu vyote, akafika kwenye uzio, akachuchumaa. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Bwana miche, umesikia habari za nondo wa nyanya?"

Nimesikia. Nani hajasikia? Mwaka jana aliingia mashamba ya ng'ambo ya mto. Majani yaliungua bila moto, na nyanya zikatobolewa kabla hazijaiva. Huanzia hivi hivi, kiwavi ndani ya jani.

"Inaweza kuwa yeye, inaweza isiwe yeye," alisema. "Lakini mpaka ijulikane, hapa hautoki hata mche mmoja. Ikiwa ni yeye, tunachoma. Nyanya, biringanya, pilipili, ukoo wote. Na mashamba yanayokuzunguka."

Akafunga utepe wa njano langoni, akachukua majani, akayatia kwenye mfuko. Nilimuuliza majibu yatatoka lini. Akasema maabara kuu ina foleni. Nilimchukia kwa moyo mmoja, yeye na buti zake.

12 Machi

Kaka amekuja akakuta utepe. Kaka ndiye anayelima bondeni, na mashamba yanayonizunguka ni yake. Ameshalima, matuta yako tayari, anangoja miche yangu tu.

"Nondo? Za kujengea?"

"Mdudu, Kaka. Kipepeo wa usiku."

"Kwa hiyo mvua hii yote inyeshee matuta matupu kwa sababu ya kipepeo?"

Aliondoka bila kunywa chai, na kaka yangu hajawahi kuiacha chai.

13 Machi

Asubuhi nilikuwa napita nyuma ya nyumba kama kawaida. Mama akaita kutoka barazani: "Mkwe, ukimaliza kunikimbia njoo hapa."

Nikaenda, nikasimama.

"Binti yangu ameniambia. Niletee majani." Nikamletea ya nyanya na ya mnavu. Aliyapapasa, akayanusa, akayasogeza kwenye jicho lake la kushoto mpaka yakagusa kope. Kisha akayaweka chini kwa hasira. "Sioni. Wewe utaona badala yangu. Kaa."

Nikakaa. Akanipa lenzi ndogo ya kukunja, imechakaa pembeni.

"Anza na nyanya. Njia ya mdudu ikoje?"

"Nyembamba. Inazungukazunguka."

"Mavi yako wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Mama mkwe hajawahi kuniuliza jambo la namna hiyo.

"Mavi, mkwe. Mdudu anayeishi ndani ya chakula chake lazima ayaweke mahali. Kila aina ina mahali pake. Tazama."

Nikatazama. Kwenye nyanya yalikuwa vidoa vidogo vidogo, huku na huku, njia nzima. Kwenye mnavu yalikuwa yamerundikwa kwenye kona moja ya baka, kama takataka za mwenye nyumba nadhifu. Nikamweleza. Akasema: "Hao ni wawili, si mmoja. Wa nyanya sina wasiwasi naye sana. Wa mnavu ndiye wa kumjua. Una chupa za jamu?"

Tumetia majani kwenye chupa, ya nyanya mbali na ya mnavu mbali, juu tumefunga vipande vya chandarua. Mdudu akikomaa atatoka, na akitoka atasema mwenyewe yeye ni nani. Ndivyo Mama anavyosema. Mke wangu aliporudi kutoka kazini akakuta chupa zote za jamu zimehama jikoni, jamu yenyewe iko kwenye bakuli.

15 Machi

Hakuna kitu.

16 Machi

Hakuna kitu. Mama anataka nimsomee kila chupa kama magazeti.

18 Machi

Hakuna kitu. Kaka alipita barabarani, hakugeuza shingo.

20 Machi

Wametoka wa nyanya! Si nondo. Ni vinzi vyeusi vyenye doa la njano mgongoni, vidogo kuliko punje ya ufuta. Mama alinifanya nihesabu mabawa. "Mawili tu? Hakika? Basi ni nzi. Anaudhi lakini hafilisi. Chuma majani yenye mistari, uyafukie, mche utaendelea."

Nimefurahi mpaka nimemshika mkono. Sote wawili tukashtuka. Nikaurudisha.

23 Machi

Furaha haikukaa. Leo kwenye chupa ya mnavu ametoka nondo. Mdogo, wa kijivu, mabawa yamefungwa kama mwavuli, papasi ndefu za kichwani zimelala mgongoni. Picha ya nondo wa nyanya iko ukutani kwenye ofisi ya mkaguzi, na nimeitazama mara nyingi nikisubiri vibali. Ni huyu huyu.

Nilimweleza Mama. Aliuliza madoa, akauliza pindo za bawa, akauliza midomo imepinda juu au chini.

"Ni wa ukoo mmoja," alisema mwishowe. "Kama ni yeye mwenyewe au ni binamu yake, kwa mabawa hatutajua. Hawa wote wameshona sare moja."

Miche inarefuka kwenye trei.

25 Machi

Bwana mkaguzi amekuja. Nilitarajia kiberiti. Badala yake alimsalimu Mama kwa adabu, akasikiliza habari ya chupa mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, akauliza: "Mama, ukipata hadubini unaweza kujua?"

"Mimi siwezi. Jicho limefungwa. Lakini mkwe wangu ana macho."

Mkaguzi akanitazama, nami nikatazama buti zake.

28 Machi

Ameileta hadubini ya ofisini, ameifunga kwa blanketi nyuma ya pikipiki. Akaondoka, ana mashamba mengine. Tukabaki mimi na Mama na nondo dume aliyekufa.

"Mabawa hudanganya," Mama alisema. "Ukitaka kumjua lazima umtazame nyuma."

"Nyuma wapi, Mama?"

"Viungo vyake vya uzazi. Kila aina ina vya kwake, kama ufunguo na kitasa. Hapo hapana kudanganyana."

Nilihisi masikio yanawaka. "Labda tumsubiri binti yako atoke kazini."

"Binti yangu ana mikono ya kuchoma watu sindano. Wewe ndiye unayepandikiza mche wa nyanya juu ya shina la biringanya ukapona. Kaa, shika kibano."

Nikakaa. Tulikata ncha ya tumbo, tukailoweka kwenye dawa kali iliyopashwa moto mpaka nyama ikayeyuka, likabaki ganda. Nikalisafisha kwa unywele wa brashi huku Mama akinielekeza kwa kusikia tu. Anasikia hata ninavyopumua. "Umebana pumzi. Pumua. Mkono unatetemeka kwa kukosa hewa." Ikawa kweli.

Nikaweka jicho kwenye hadubini. Mwanga, ukungu, halafu ghafla kila kitu kikakaa sawa.

"Unaona nini?"

"Naona... vitu viwili, Mama."

"Vikoje?"

"Kama mikono."

"Mirefu au mifupi?"

"Ya wastani."

"Mkwe." Aliweka kikombe chini. "Mimi nimetazama hivyo vitu tangu hujaota ndevu. Haya yako hainisaidii. Sema unachokiona, na useme kwa sauti."

Basi nikasema. Nikasema ni mifupi, minene, imeviringana mwishoni kama kidole gumba, ina vinyweleo kwa ndani. Akauliza hiki, akauliza kile, nikajibu, na katikati ya kujibu haya iliniisha. Ni kazi kama kazi nyingine, na kusema kweli ni kitu kizuri kutazama, kimefinyangwa vizuri kuliko bawaba yoyote ya fundi. Nikaanza kueleza hata nisiloulizwa. Mke wangu akaingia na sare yake ya kazini, akasimama mlangoni akatusikia, akarudi nje. Tulimsikia anacheka uani peke yake.

"Nondo wa nyanya mikono yake ni mirefu, ina kidole pembeni," Mama alisema. "Hivyo unavyoeleza wewe ni binamu yake, anayekula mnavu. Lakini ningeona kwa jicho langu ningeapa. Sasa siapi. Na kama siapi, utepe haufunguliwi."

Nilitaka kumwambia aape tu. Sikumwambia, na najua angenijibu nini.

29 Machi

Tumeanzisha jaribio. Nimejenga kibanda cha chandarua, ndani nimeweka mche wa nyanya, wa biringanya, wa pilipili, na chungu cha mnavu. Tumewaachia humo nondo wengine wote waliotoka chupani tangu hapo. Wale wanachotaka, watage wanapotaka. Mama anasema mdudu hawezi kusema uongo akiwa na njaa.

2 Aprili

Trei mbili za nyanya hazipo.

Niliona asubuhi. Uzio umesukumwa upande wa bondeni na nyayo zinaelekea huko, pana, za mtu asiyejificha. Nikashuka. Kaka alikuwa anapanda, ameinama, ameshamaliza matuta mawili.

"Kaka, ile ni miche iliyozuiwa."

"Ni miche ya mdogo wangu. Nimewahi kuomba ruhusa kwako lini?"

"Kama ni yule nondo, utakuwa umemleta mwenyewe shambani kwako."

"Na kama si yeye? Mvua zikikatika nitawalisha wanangu utepe?" Aliinuka, ana tope hadi viwikoni. Sijapata kumwona kaka yangu akiwa na hofu. Nilidhani ni hasira, kumbe ni hofu. "Nenda kwako. Hukuona kitu."

Nilirudi nikakaa barazani karibu na Mama. Nikamwambia, sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu hanioni uso. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ungependa nikwambie ufanyeje?"

"Ndiyo, Mama."

"Sikwambii. Ni kaka yako. Ila nitakwambia tunachokijua: tunadhani ni binamu. Tunadhani. Kudhani kwetu hakujatosha kufungua lango, kutatoshaje kuruka uzio?"

Mchana nilimpigia mkaguzi nikamweleza kila kitu.

3 Aprili

Mkaguzi alikwenda bondeni, nami nikaenda naye. Kaka alisimama katikati ya matuta, jembe mkononi. Nilidhani tutaona makubwa.

Mkaguzi hakuandika lolote. Alikwenda kwenye pikipiki akarudi na bunda la chandarua. "Mzee," alimwambia kaka, "sitang'oa. Tutafunika. Ukinisaidia kuchomeka vijiti tutamaliza kabla ya mvua." Kaka aliweka jembe chini. Kisha akachomeka kijiti cha kwanza.

Wakati wa kurudi nilimuuliza mkaguzi kwa nini. Alisema amri ya kuchoma kitalu changu iko mezani kwake tangu wiki ya kwanza. Wakubwa wanapiga simu kila Jumatatu. Anawaambia pikipiki mbovu.

Na mimi nimekuwa nikimchukia kila siku nikiamka.

Kaka hajasema nami neno. Alisema na mkaguzi, akasema na vijiti.

7 Aprili

Mvua kubwa. Kaka kimya. Kibandani hakuna kitu.

9 Aprili

Baka kwenye mnavu! Dogo, lakini ni lenyewe, mavi kwenye kona. Nyanya safi. Pilipili safi. Biringanya safi.

11 Aprili

Mabaka matano ya mnavu. Halafu, Mungu wangu, tundu kwenye jani la biringanya.

Nilikimbia kwa Mama na chungu kizima mikononi. Biringanya ikiwa inaliwa, nyanya itafuata. Mama akasema weka lenzi. Nikaweka.

"Tundu limepita pande zote mbili?"

"Limepita."

"Ngozi ya juu ipo?"

"Haipo."

"Basi mbona unahema? Mchimbaji wetu hukaa ndani, ngozi huiacha. Huyo ni mlaji wa nje. Geuza chungu."

Nikageuza. Chini ya ukingo wa chungu alikuwapo konokono, amelala ameshiba. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope. Mama naye alicheka, ameshika plasta isibanduke.

15 Aprili

Mnavu umejaa mabaka. Miche mingine mitatu nondo hawajaigusa.

17 Aprili

Hospitali wameondoa pamba. Mama alirudi na miwani meusi, akapita moja kwa moja hadi mezani. Hakuvua hata viatu. Akavua miwani, akainamia hadubini. Mimi na mke wangu tulisimama nyuma yake kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Alikaa muda mrefu. Alizungusha kidogo, akarudisha.

"Vinyweleo ulivisema," alisema. "Mviringo uliusema. Hukukosea hata kimoja." Akainua kichwa, na jicho lilikuwa limelowa, daktari alisema litakuwa linatoa machozi. "Huyu ni wa mnavu. Sasa naapa."

Kisha akageuka akanitazama, na kwa hesabu yangu ni mara ya kwanza kunitazama akiniona. "Umezeeka, mkwe," akasema. "Binti yangu anakulisha nini?"

20 Aprili

Maabara kuu imejibu, na jibu ni lile lile. Mkaguzi alisoma ujumbe kwenye simu yake akiwa bado juu ya pikipiki, injini inanguruma, tukamwambia rudia. Akazima injini akarudia. Kumbe anacheka. Ana mwanya mzuri.

Alikata utepe mwenyewe. Nilidhani nitaruka, nitapiga kelele. Nilichofanya ni kwenda kuketi kati ya trei zangu, nikalia kidogo, kisha nikamwagilia miche maji ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

21 Aprili

Nilishuka bondeni. Kaka alikuwa anaondoa chandarua, anakikunja vizuri kama shuka. Nikashika upande wa pili tukakunja pamoja. Tulipokutana katikati akasema, "Ulinishitaki."

"Nilikushitaki, Kaka."

"Ningekuwa mimi, nisingekushitaki." Akachukua ncha yangu akaiweka juu ya yake. "Na labda leo sote tungekuwa hatuna kitu. Sijui. Bado nina hasira, usidhani imeisha. Miche imerefuka sana?"

"Imerefuka kidogo. Ukiizika hadi shingoni itashika."

"Mvua je?"

"Zipo bado."

"Basi unasimama nini?"

Tumebeba trei mpaka mikono ikafa ganzi. Mke wangu alikuwa na mapumziko, akapanda naye, na mkaguzi alipopita akavutwa shati, akawekwa tuta la pembeni. Anapanda ovyo sana. Mama alikaa kwenye kiti mwisho wa shamba na miwani yake meusi, anatuambia mstari umepinda wapi. Kaka alikunywa chai.

4 Mei

Miche yote imeshika. Mvua za jioni, nyepesi.

19 Mei

Mama ameondoka leo. Jicho la kushoto watalifanya baadaye, anasema moja linatosha kumrudisha kwake. Lenzi ameniachia. Nilimsindikiza kituoni, na njia nzima tulibishana kama mnavu wa uzioni niung'oe au niuache. Yeye anataka uachwe. Nimesema nitafikiria. Nimembishia mama mkwe, tena mbele ya watu, na nyumba haijaanguka.

26 Mei

Jua. Mkaguzi amepita na jani la mchungwa kutoka kwa mkulima wa mbali, lina mstari wa fedha unaong'aa kama njia ya konokono. "Nimesema nikuonyeshe kwanza," alisema.

Nikampigia Mama. "Eleza," alisema, hata salamu hakutoa. Nikaeleza njia, nikaeleza rangi, nikaeleza jani lilivyojikunja. Vocha ikaisha, nikaweka nyingine. Mke wangu akaingia kutoka kazini, akasikia sauti, akanyoosha mkono apewe simu.

"Huyo ni mama yangu," alisema.

Nikamwashiria asubiri. Mama alikuwa ameshaniuliza kama ndani ya mkunjo kuna mtu, na nilikuwa sijaufungua.